Miguu ya Ziwani kwenye Uwanja wa Udongo

Hivi karibuni nilipeleka viatu vyangu kwa fundi mmoja wa hapa Lubumbashi, katika mtaa uitwao Kenya, nyuma ya soko. Nikiwa nimekaa kwenye benchi lake nikingoja, alichukua kipande cha ngozi akaanza kukipaka mafuta ya ng'ombe kwa kidole gumba, polepole, akikizungusha. Ile harufu ikanifikia. Fundi aliniuliza jambo, nadhani juu ya kisigino. Nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye uwanja wa shule ya masista, nimechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, namngoja dada yangu amalize kucheza.

Ninyi wa rika langu mtaikumbuka harufu hiyo. Mipira ya siku zile ilikuwa ya ngozi, imefungwa kamba kama kiatu, na mvua ikiinyeshea ilikuwa mizito kama boga. Bila mafuta ilipasuka. Kwenye vibao vya stesheni mji uliandikwa Élisabethville, lakini sisi nyumbani tulisema Lubumbashi. Baba alikuwa fundi wa chuma kwenye karakana ya reli, na nyumba yetu ilikuwa moja ya nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari katika kambi ya wafanyakazi. Ukiamka asubuhi unaliona kwanza bomba la moshi la kiwanda cha shaba, ndipo unaliona jua.

Majirani walimwita mama yangu Mama Masengo. Mimi nilidhani hilo ni jina lake tu, kama wengine wanavyoitwa Mama Anna au Mama Yozefina. Haikunijia akilini kwamba Masengo ni mtu. Kumbe nilikuwa na dada mkubwa ambaye sikuwahi kumwona, aliyeachwa kwa bibi yetu kwenye ziwa Kisale, huko kaskazini, kama desturi ya kwetu ilivyotaka kwa mtoto wa kwanza. Siku Mama aliponiambia, "Kesho tutaenda ku gare kumupokea Masengo," nilishangaa mtu anawezaje kwenda stesheni kujipokea mwenyewe.

Alishuka kwenye behewa la mwisho akifuatana na mjomba wetu, akiwa na kitunga cha samaki wakavu kichwani. Alikuwa mrefu kuliko Mama, na mabega yake yalikuwa mapana kama ya mvulana. Kitu nilichokitazama zaidi ni miguu. Alitembea ameiachanisha kidogo, magoti yamelegea, kama anayeogopa kwamba sakafu ya stesheni itayumba. Nilifikiri ameumia. Mjomba alipoona ninavyotazama akacheka.

"Miguu yake iko muzima," akasema. "Huyu amekulia mu bwato. Kule kwetu batoto bote banasukuma bwato kwa muti murefu, banasimama wima. Siku ya sikukuu alishinda bavulana bote wa vijiji viwili."

Habari hiyo ya mtumbwi ilifika kambini kabla ya samaki kuisha kugawiwa. Jirani yetu wa mkono wa kuume alikuwa Papa Mutombo, mtu wa Kasai aliyeuza vitambaa kwenye cité, yaani mitaa ya Waafrika, na kila jioni yeye na Baba walikaa mbele ya nyumba wakibishana. Walibishana juu ya kila kitu, kutoka bei ya unga hadi mbingu ikoje. Sasa wakaanza juu ya dada yangu.

"Kipaji ni kitu moya," alisema Papa Mutombo. "Muntu akizaliwa nacho, umupatie bwato, umupatie kinga, umupatie mupira, atakushangaza. Utaona."

Kinga ni baiskeli, ndivyo tulivyoiita.

"Hapana," alisema Baba. "Bwato ni bwato, mupira ni mupira. Mwili unajifunza kazi moya, inaishia pale."

"Unasema vile juu ya nini?" Papa Mutombo akataka kujua sababu.

"Nasema vile juu ninayua."

Alipotamka hivyo aliwasha kiko chake, na Papa Mutombo, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno, aliacha. Mimi nilikuwa upande wa Papa Mutombo. Nilidhani nguvu zimo ndani ya mtu kama maji yalivyo ndani ya mtungi, na mtu anaweza kuyamimina kwenye chombo chochote anachotaka.

Masista walimpokea Yaya Masengo, yaani dada yangu mkubwa, katika shule ya wasichana wakubwa, ambako walifundishwa kushona, katekisimu na Kifaransa kidogo. Mambo hayakumwendea vizuri. Sindano zilivunjika mikononi mwake. Kifaransa kilipita juu ya kichwa chake kama ndege. Jioni alikaa kwenye kizingiti akitazama barabara, na nilipomwuliza anatazama nini alisema anatafuta upepo unatoka wapi. Alikuwa mpole kwangu. Alinisuka nywele, akanifundisha majina ya samaki, lakini hakucheka hata mara moja, na usiku nililala nimeushika mkono wake kwa sababu nilihisi anaweza kuondoka.

Ndipo sista aliyesimamia michezo akamwona. Masera Godelieve, yaani Sista Godelieve, alikuwa mwanamke mfupi, mwekundu usoni, anayekimbia uwanjani ameshika kanzu yake kwa mkono mmoja na filimbi kwa mwingine. Wasichana wake walicheza mpira wa kikapu, ule tuliouita mupira ya kitunga. Alipoona mabega ya dada yangu alimtoa kwenye kushona siku ileile. Shule nzima ikaja kutazama. Habari za mtumbwi zilikuwa zimetangulia hata huko.

Nilikuwepo, kwa maana darasa letu la wadogo lilikuwa ng'ambo ya ua. Mpira wa kwanza ulimpiga kifuani kabla mikono yake haijafunguka. Wa pili aliukamata, akampa Bernadette, binti wa Papa Mutombo, aliyekuwa mchezaji bora wa shule. Ila alimpa kwa nguvu za kusukuma mtumbwi, na Bernadette akabaki anapuliza vidole vyake. Kisha Masera akamwambia akimbie huku akiudundisha. Mpira uligonga goti lake, ukaenda njia yake, naye akaenda chini kifudifudi kwenye udongo. Wasichana walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akasema, "Mutoto ya samaki," na jina hilo likamganda.

Masera Godelieve hakucheka. Alimwinua, akampangusa magoti, akamwambia sista mwenzake aliyesimama karibu nami, "Elle est faite pour l'eau, celle-là." Maana yake, huyu ameumbwa kwa ajili ya maji. Leo ninaijua maana hiyo. Siku ile nilijua neno moja tu kati ya hayo, l'eau, maji, kwa sababu darasani kwetu lilikuwa limeandikwa chini ya picha ya ndoo. Na neno pour nililisikia kila mara kule dispansari: hii ni pour kikohozi, hii ni pour tumbo. Basi nikaelewa kwamba Masera, ambaye anajua kila kitu, ametaja dawa. Dada yangu anahitaji maji.

Jioni ile Baba alisikia yote kutoka kwa majirani. Hakukasirika. Aliongea taratibu, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Mama Masengo," alisema, "huyu mutoto tunamusumbua bure. Masomo inamukatala, mupira inamukatala, na bantu banamucheka. Mvua ikiisha, nitamutia mu treni mpaka Bukama. Arudie kwa tate yake, kule njo anayua kuishi."

Tate ni bibi, na njo ni ndio. Mama alishusha kijiko. "Nimekaa miaka yote hii bila mutoto wangu, Baba Masengo."

"Nayua. Lakini sitaki bamucheke."

Yaya Masengo alikuwa anakoroga bukari, yaani ugali, kwenye jiko la nje, na mkono wake haukusimama. Alikuwa amesikia. Nami nilikuwa nimesikia, nikaona hakuna wakati wa kupoteza.

Tangu siku iliyofuata nilibeba maji. Nilikuwa na kopo la maziwa lenye mpini wa waya, nililijaza kwenye bomba la kambi, nikalibeba hadi shuleni nikimwaga nusu njiani, na wakati wa mapumziko nilimfuata dada yangu na kumwagia miguuni. Mwanzoni alidhani ni mchezo wa kitoto, akasogea pembeni. Siku iliyofuata nikammwagia tena, na iliyofuata tena. Mwishoni alichuchumaa akanishika mabega.

"Sema. Juu ya nini unanimwangia mayi?"

"Masera njo alisema. Alisema uko kwa mayi. Ukipata mayi utacheza muzuri, na Baba hatakurudisha."

Alinitazama mimi, akalitazama kopo. Kisha akaanza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia, na kicheko chake kilikuwa kikubwa, cha mtu aliyezoea kuita kutoka ng'ambo ya maji. Alicheka mpaka akakaa chini, na alipojifuta macho nilishindwa kujua anafuta machozi ya kitu gani.

"Basi, kopo haitoshe," akasema. "Siku ya Mungu unipeleke kwenye mayi ya kweli."

Siku ya Mungu ndiyo Jumapili. Baada ya misa nilimpeleka upande wa Karavia, mahali ambapo kijito kilipanuka na kuwa bwawa dogo, wanawake wakifua nguo juu ya mawe yaliyokuwa meupe kwa sabuni. Kulikuwa na gogo la mkaratusi limeangukia majini, likielea. Yaya alivua viatu, akakunja kitambaa chake hadi magotini, akapanda juu ya gogo kama mtu anayepanda kitanda chake. Gogo likazunguka kidogo chini yake. Yeye hakuzunguka. Akaokota mti mrefu akasukuma, na wanawake wakaacha kufua wakamtazama.

Nilikuwa na mpira wa matambara niliouviringisha mwenyewe. Kwa kuwa niliamini dawa imeanza kufanya kazi, nikamrushia. Akaudaka kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na mti, akanirudishia taratibu, ukaanguka mikononi mwangu kama embe lililoiva. Nikarusha juu. Akaudaka. Nikarusha pembeni, vibaya, kama watoto wanavyorusha. Akainama, gogo likayumba, akaudaka. Mwanamke mmoja akasema, "Angalieni ile mutoto."

Yaya akashuka. Akasimama ukingoni, akaniambia nirushe tena. Mpira ukamgonga kifuani.

Akatazama miguu yake. Akapanda tena kwenye gogo, akashuka tena, akaisimamisha miguu upya, akayalegeza magoti, kama anayengoja ardhi iondoke. "Rusha," akasema. Nikarusha. Akaudaka.

"Nilikuwa nakosea," aliniambia tukirudi, akitembea polepole ili nimfikie. "Walisema hapa udongo ni nguvu, haitembee, basi mie nikasimama sawa muti. Nikakauka mwili yote. Lakini mupira inatembea. Babinti banatembea. Inafaa nisimame sawa niko mu bwato."

"Ni mayi imekusaidia," nilisema.

"Ndiyo," akasema. "Ni mayi."

Nisiwadanganye kwamba kesho yake alikuwa bingwa. Kusimama alikuja nako kutoka ziwani, pamoja na pumzi, na lile jicho la mtu aliyezoea kuona wimbi kabla halijafika. Kurusha kwenye kitunga hakuja nako. Mikono yake ilibidi ianze kama mikono ya mtoto mchanga. Na aliyeifundisha ni Bernadette, yule aliyepuliza vidole vyake. Jioni moja alikuja kwetu, akasimama mlangoni, akasema, "Masengo, unapiga kama unasukuma. Kuya nikuonyeshe." Walikwenda nyuma ya nyumba yao, wakarusha mpira wa matambara kwenye ndoo iliyotobolewa iliyoning'inizwa kwenye mpapai, siku baada ya siku, mvua zote zile. Dada yangu alikosa, akakosa, akakosa. Niliona uso wake ukibadilika katika kule kukosa. Haukuwa tena uso wa mtu anayetafuta upepo.

Baba aliona pia, lakini hakubadili shauri. Nguo za safari za Yaya zilikwisha kukunjwa na kuwekwa kwenye sanduku la bati.

Mvua zilipokaribia kukatika, parokia ilifanya sikukuu yake, na wasichana wa shule ya misheni nyingine walikuja kucheza nasi. Walikuwa na msichana mmoja mnene wa mikono, mwenye nguvu, ambaye kila aliyemkaribia alianguka. Baba alikuja kwa sababu Papa Mutombo alimvuta. Alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja mazishini.

Masera alimwingiza Yaya Masengo wakati wasichana wetu walipokuwa wamezidiwa. Nilisikia watu wakisema, "Mutoto ya samaki," na wengine wakicheka kabla hajafanya kitu. Yule msichana mwenye nguvu alimjia na bega, kama alivyowajia wote. Yaya aliyumba. Aliyumba kama gogo lile la Karavia, akarudi mahali pake, na mpira ulikuwa bado mikononi mwake. Kicheko kikakatika. Msichana akaja tena, na safari hii ni yeye aliyekwenda chini, kwa kuwa alisukuma mahali ambapo dada yangu hakuwepo tena. Mpira ukaenda kwa Bernadette, laini, kifuani kabisa, na Bernadette akaupeleka kwenye kitunga.

Ikawa hivyo mpaka mwisho. Dada yangu hakurusha sana. Alisimama katikati, miguu wazi, na kila mpira uliopita karibu naye ulikuwa wake. Aliona wapi utaanguka wakati wengine bado wanautazama hewani. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka, nikimwambia kila aliyekuwa karibu, "Ni yaya yangu, ule murefu, ni yaya yangu," hata wale waliokuwa wakinijua tangu nilipozaliwa. Tulishinda kwa shida, Bernadette akirusha mpira wa mwisho, na wasichana wote walimkimbilia yeye. Naye aliwapita akaenda kumkumbatia Masengo.

Papa Mutombo alimgeukia Baba. "Nilikuambia. Kipaji ni kitu moya."

Baba akageuka kuondoka. Alivaa kofia yake, akamngoja Yaya langoni, na tukaenda nyumbani pamoja, sisi watatu, kwenye barabara ile yenye vumbi jekundu. Tulikwenda hadi tukaipita reli. Ndipo Baba akasema, akitazama mbele:

"Mie ku kijiji nilikuwa nacheza mweleka. Hakuna aliyeniangusha. Nikafika hapa, bakubwa ba kazi bakaniona, bakasema, huyu ni nguvu, tumutie mu mupira. Siku ya kwanza nilianguka mbele ya kambi yote. Bantu bakacheka. Sikurudia tena."

Yaya Masengo alikuwa ametembea huku amekishika kidole changu. Akakibana. Kwetu mtoto hamfariji baba yake.

"Nilifikiri ni mwili yangu ilikatala," Baba akaendelea. "Leo nimeona haikuwa mwili. Weye ulianguka sawa mie. Lakini ulirudia."

Akaweka mkono wake begani kwa dada yangu, mkono ule mzito wa fundi wa chuma, na hakuutoa mpaka nyumbani. Watu waliokuwa wamekaa mbele ya nyumba zao walisimama kutusalimu. Baba aliitikia kila salamu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama anayeita majina ya watu wanaotakiwa kumwona binti yake. Mama alipotuona tunavyokuja aliingia ndani, akalifungua sanduku la bati, akaanza kuzitundika nguo.

Masengo hakurudi ziwani ila kumtembelea bibi. Alicheza miaka mingi, kisha akawafundisha wasichana wa misheni ileile, na mpaka leo kuna wanawake wazee mjini hapa wanaosimama miguu wazi wakipanga foleni benki, nami nawatambua.

Lakini ninachokumbuka kwa furaha zaidi ni wiki iliyofuata ile mechi. Baba alirudi kutoka karakana akiwa na pete ya chuma begani, aliyoikunja mwenyewe kwa ruhusa ya msimamizi wake. Alipanda juu ya kiti akaipigilia kwenye ukuta wa ua uliotutenga na akina Papa Mutombo, Yaya akimwelekeza, juu kidogo, bado, juu tena, kwa maana alikataa kabisa iwe chini kuliko ile ya shule. Papa Mutombo alikuwa upande wa pili wa ukuta akikunja vitambaa vyake. Baba aliposhuka, nilidhani atampa dada yangu mpira. Akanipa mimi.

Nilirusha kwa nguvu zangu zote. Mpira ulipita juu ya pete, juu ya ukuta, ukatua kati ya vitambaa vya Papa Mutombo.

"Ni nani tena huyu?" ilisikika sauti yake.

"Ni wangu," alisema Baba. "Rudisha mupira. Iko anaanza tu."